Mbeleko Iliyopitia Kivukoni

Ifakara, 3 Machi 1908

Kwa dada yangu Theodosia, Mngeta.

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Mimi mdogo wako ni mzima, isipokuwa mikono, nayo nitakueleza. Mtoto Digna hajambo? Ameanza kukaa? Na shemeji Pantaleo, umepata neno lolote kutoka kwenye mnyororo wa wafungwa tangu walipomhamishia barabara ya Mahenge? Hapa hatusikii kitu. Mvua imeshika na mto umeanza kuvuka kingo zake.

Dada, nimepatikana. Bwana Pamba ninayemfanyia kazi za nyumbani ameondoka kumsindikiza mkewe Dar es Salaam akapande meli, maana homa zimemmaliza. Sasa Bibi huyo ana miti. Siyo ya shambani, ni ya ndani ya nyumba. Imepandwa kwenye makopo na vyungu, mingine iko barazani, mingine sebuleni, mingine mpaka kando ya kitanda. Haizai, hailiwi, haina kivuli. Inatazamwa tu. Siku ya kuondoka Bibi alinipitisha kopo kwa kopo akinitajia majina kwa Kidachi huku machozi yanamtoka, na sikushika hata jina moja. Bwana akanivuta pembeni akaniambia: "Mti mmoja ukifa, na wewe unakwenda kwenye mnyororo."

Hakuwa anatania, unamjua. Basi ninaimwagilia yote sawasawa kila asubuhi, na mmoja umeshageuka manjano. Juzi nilisafisha majani makavu, jioni mikono ikaniwasha mpaka kwenye viwiko ikatoa malengelenge. Sijui ni upi ulionifanyia hivyo. Wewe ulilelewa na masista wa Kwiro, ukawatunzia vyungu vyao vya kanisani miaka yote ile. Niambie hii ni miti gani na kila mmoja unataka nini.

Mbeleko ya Digna sijaisahau. Najua katika ukoo wetu mtoto hubebwa kwa nguo ya mjomba, na najua unavyonisema huko kisimani. Kudra wa dukani ameniahidi nguo nzuri mzigo wake wa pwani ukifika.

Mimi mdogo wako,
Hilari

*

Mngeta, 27 Machi 1908

Kwa mdogo wangu Hilari.

Milele na milele, amina. Marahaba. Sisi tu wazima. Digna amekaa, na sasa anataka kusimama kabla hajajua kutambaa, ameurithi ujinga wa upande wetu. Habari za Pantaleo sina. Kila anayepita namuuliza, kila mmoja anasema amemwona mtu anayefanana naye.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kutafuta mti ndani yake na sikuukuta. Unaniambia miti iko kwenye makopo. Mimi nitaujuaje mti kwa kopo lake? Majani yake marefu au mapana? Yana nywele au yanateleza? Shina ni la duara au lina kona? Lina miiba? Ukilikwaruza linatoa nini, maji au utomvu mweupe kama maziwa? Unanuka? Kaa mbele ya kila mmoja, uutazame kama unavyomtazama mtu aliyekuibia, halafu uandike.

Kabla hujafanya hayo, nisikilize vizuri. Mti usioujua usiushike kwa mkono mtupu. Funga mikono kwa majani ya mgomba au kitambaa kinene ambacho utakitupa. Usiukate huku uso wako uko karibu. Kisu cha kukatia hiyo miti kisiingie jikoni hata siku moja. Ukishagusa, usijikune, usijifute jasho, na jicho usilikaribie kabisa, osha kwanza mikono kwa maji mengi na sabuni. Kwiro mwenzetu mmoja alipatwa na utomvu jichoni, sista akamshika kichwa akammwagia maji safi jichoni muda mrefu sana, yule analia, sista anazidi kumwaga. Akapona. Kwa hiyo ni maji, tena mengi, tena papo hapo. Usiwasikilize watakaokuambia habari za mafuta na majivu.

Na acha kumwagilia yote kila siku. Chomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa na unyevu, uache.

Hilari, mume wangu yuko kwenye mnyororo, na mama na baba tumewazika katika njaa ile ya baada ya vita. Nimebaki na wewe na huyu mtoto. Usije ukaniambia umefungwa kwa sababu ya maua.

Dada yako,
Theodosia

*

Ifakara, 16 Aprili 1908

Kwa dada Theodosia.

Shikamoo dada, na heri ya Pasaka inayokuja. Nimefurahi kusikia mtoto amekaa. Mikono imepona, imebaki alama.

Nimefanya ulivyosema. Nimekaa mbele ya kila mti mpaka mpishi ananicheka. Wa kwanza ni wa kijani, majani yamesimama kama ndimi za nyoka, magumu. Wa pili ni wa kijani pia, una majani mapana yenye madoa meupe. Wa tatu ni wa kijani, unaning'inia. Wa nne una maua madogo mekundu, mazuri sana, huo ndio Bibi alikuwa akiupenda kuliko yote na ndio unaotaka kufa. Mingine inafanana na hiyo.

Nadhani sasa utaijua.

Mdogo wako,
Hilari

*

Mngeta, 25 Aprili 1908

Kwa Hilari.

Nimepokea. Tu wazima.

Miti yote duniani ni ya kijani, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako nikataka kuichana, kisha nikakumbuka karatasi ni adimu.

Haya. Huo wa ndimi za nyoka ni katani pori. Ndiyo, katani pori, ile ile tuliyokuwa tukisukia kamba utotoni, ambayo hapo ulipo ukitembea kidogo nje ya mji utaikanyaga. Umewekwa kwenye kopo la Mzungu, nawe ukashindwa kuutambua. Hautaki maji, utakufa kwa huruma yako. Wa madoa meupe masista walikuwa nao. Usiutafune wala asiutafune mtu yeyote, ulimi unavimba mpaka mtu hawezi kusema, na utomvu wake unawasha. Nadhani ndio uliokuunguza mikono. Uweke mbali na mlango, mbuzi asiufikie.

Huo wa kuning'inia sijui. Huo wa maua mekundu sijui, maana maua mekundu yako mengi na wewe hukuniambia kitu kingine. Jani lake likoje? Shina je? Nimechoka kuuliza. Nitumie kipande cha kila mmoja, kila kipande kwenye jani lake la mgomba, ukifunge vizuri, na nje uandike ni upi. Nikikiona kwa macho yangu nitajua.

Dada yako,
Theodosia

*

Ifakara, 4 Mei 1908

Kwa dada yangu mpendwa Theodosia.

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na Digna. Nakuandikia haraka, Fulgensi anaondoka sasa hivi kwa njia ya miguu kandokando ya milima, naye ndiye atakayeileta.

Mzigo unakuja kwa mkono mwingine. Kudra anapanda mto kwa mtumbwi kutoka Kivukoni, anakuletea mbeleko. Hatimaye! Mtanyamaza sasa huko kisimani. Ndani ya mbeleko, kwenye mkunjo wa katikati, nimeweka vile vipande vya miti. Usishangae kwa nini sikuvifunga kando kwenye majani ya mgomba. Pale Kivukoni askari wanapekua kila mzigo, na tangu vita vile vya Maji Maji mtu akikutwa na majani au mizizi anaulizwa ni dawa ya nani na anampelekea nani. Kudra alikataa kabisa kuvibeba. Basi sikumwambia, nimevikunja ndani ya nguo na kuishona pembeni kwa uzi. Nguo ya mtoto hawataifumua.

Nimekata vile ulivyofundisha, mikono nimeifunga. Ule wa maua mekundu una miiba mingi shina zima, nilisahau kukuandikia. Nimeikwangua yote kwa kisu isije ikaichana mbeleko au kukutoboa. Ulitoa utomvu mwingi mweupe, nimeufuta kidogo.

Fungua taratibu ukiwa na kitambaa mkononi. Nami nasubiri jibu, kwa maana ule mti umeangusha majani karibu yote.

Mdogo wako,
Hilari

*

Ifakara, 11 Juni 1908

Kwa dada Theodosia.

Shikamoo. Habari za huko? Mimi sijambo. Sijui kama wewe hujambo kwa sababu huniandikii.

Dada, nimeudhika, na nitasema. Kudra amesharudi. Anasema mzigo alimkabidhi jirani yako Verediana mlangoni pako, wewe ulikuwa kisimani, naye akaendelea na safari kwa kuwa maji ya mto yalikuwa yanampendelea. Kwa hiyo mbeleko umeipata. Hata asante moja? Miezi yote nimesemwa kwa kutoituma, nimeituma nimekaliwa kimya. Na vipande umevipata, na mimi hapa ninautazama mti wa Bibi umebaki fimbo, na Bwana Pamba ametuma habari kuwa amefika Kilosa, yuko njiani. Akifika akaukuta hivi mimi nakwenda kukutana na shemeji. Labda umekasirika kwamba sikufuata neno lako la majani ya mgomba. Basi nikasirikie kwa kuandika, nijue.

Mdogo wako,
Hilari

*

Mngeta, 24 Juni 1908

Kwa Hilari.

Anayeandika ni mwalimu Dionisi wa katekesimu, maneno ni ya dada yako. Amenikataza kuyapunguza makali.

Salamu. Digna ni mzima. Mimi sioni.

Mzigo ulipofika nilitoka kisimani nikaukuta mikononi mwa Verediana, na wanawake wote wamekusanyika. Niliposikia ni mbeleko nilisahau yote. Wakasema ifungue tuione. Nikakata uzi kwa meno. Sikuwa na barua yako, Hilari. Fulgensi alikamatwa njiani na askari akatwishwa mizigo ya boma kwenda Mahenge, na barua yako ikakaa kwenye nguo yake mpaka walipomwachia. Imefika juzi. Mwalimu amenisomea, na ndipo nimejua kumbe kulikuwa na maneno.

Nguo mpya mtu huinusa. Wewe hulijui hili kwa kuwa hujawahi kufurahia nguo. Nilifungua mkunjo nikazika uso wangu wote ndani, na nikajifuta nayo machozi, maana nilikuwa nalia kwa furaha ya kipumbavu. Nilisikia ubichi usoni, nikadhani ni unyevu wa mtumbwi. Kulikuwa na kijiti kimepondeka kwa kubanwa na mzigo, cheupe, laini. Nilikitazama nisikijue. Ungeacha hata mwiba mmoja ningejua. Huo ni Mwiba wa Kristo, masista waliuweka kanisani wakati wa Kwaresima, na ni ndugu wa mnyaa tunaoupanda kwenye ua, utomvu wao ni mmoja. Uliikwangua miiba, kila ulipokwangua ukafungua mlango wa utomvu, ukaukunja ndani ya nguo ya mtoto.

Mwanzoni hauumi. Baadaye kidogo ndipo moto ulipoanza. Nilipiga kelele waniletee maji. Verediana alileta mtungi na kibuyu, akanilaza mlangoni, akaanza kunimwagia kwenye macho, wenzake wamezunguka wanamsaidia. Hapo akapita mtu wa akida. Aliona wanawake wamemzunguka mtu, mtungi katikati, maji yanamwagwa kwa kibuyu usoni. Akaupiga mtungi teke ukapasuka. Akasema: "Mnarudia maji yenu? Hamjashiba kufa?"

Verediana alijaribu kumweleza. Akawatawanya wote, akamchukua yeye mpaka barazani kwa akida, na hakuna aliyethubutu kwenda kisimani tena mpaka jioni. Nilibaki ndani nimefumba macho. Mama mmoja alipita dirishani kwa siri akanikamulia maziwa yake, yakanipoza kidogo. Lakini nilichotaka ni maji, nayo yalikuwa yamemwagika uani nikiyasikia yanavyonyonywa na mchanga.

Jicho la kulia ni giza jeupe. La kushoto limevimba, linaona mwanga wa mlango. Verediana aliachiliwa kesho yake baada ya viboko. Namshukuru Mungu kwa jambo moja tu, sikumfunga Digna kwa nguo hiyo kwanza.

Nina hasira. Nina hasira na yule wa akida, na askari wa Kivukoni, na huyo Bibi na makopo yake. Na wewe pia. Nilikuomba uutazame mti uniambie ulivyo. Hilo tu. Ungeandika neno moja, miiba, ningekujibu kwa barua na hakuna kipande ambacho kingetumwa.

Dada yako,
Theodosia, kwa mkono wa mwalimu Dionisi

*

Ifakara, 9 Julai 1908

Kwa dada yangu Theodosia. Mwalimu Dionisi, nakuomba umsomee taratibu.

Shikamoo dada. Sitaki kuuliza hali kwa sababu naijua, na sina maneno yanayotosha, kwa hiyo sitayatafuta.

Bwana Pamba amefika. Alikuja peke yake, amekonda, ndevu zimemfika kifuani. Nilisimama barazani nikiushika ule mti uliobaki fimbo, nikisubiri. Aliutazama. Akaniambia Bibi amepanda meli na amesema hatarudi nchi hii tena, miti nitupe yote. Akaingia ndani kulala. Dada, hata hakunikaripia. Nilitamani anikaripie. Jicho lako limekwenda kwa ajili ya makopo ambayo mwenyewe ameyapita kama anavyopita mawe.

Sijayatupa bado. Jana na leo nimekaa mbele yake kama ulivyoniagiza mwezi wa tatu, na nakuandikia ninavyoyaona.

Ule unaoning'inia una shina jembamba lenye vifundo, na kila kifundo kinatoa mizizi midogo hewani. Jani ni refu kiasi cha kidole cha shahada, juu lina milia miwili ya fedha, chini ni zambarau iliyoiva. Nimelikata nikiwa na kitambaa, limetoa maji matupu, hayana rangi, hayanati. Halinuki.

Ule wa madoa meupe shina lake ni nene kama mpini wa jembe, lina makovu ya duara pale majani yalipoanguka. Doa liko katikati ya jani na kingo zake ni za kijani kilichokolea. Utomvu wake ni maji mazito yenye harufu kali.

Mwiba wa Kristo hauko mfu. Ncha ya juu imetoa jani jipya dogo, la duara mbele, jembamba kwenye kikonyo. Miiba ni ya kijivu, mirefu kuliko kucha, imepangwa kuzunguka shina zima, huwezi kuweka kidole pasipo mwiba. Ua si ua hasa, ni majani mawili mekundu madogo yamekumbatia kitu cha manjano katikati. Nimelitazama sana. Mtu aliyeliona hawezi kulisahau, na mimi niliona wekundu peke yake.

Niichome moto au niifanye nini? Na Bwana ameniruhusu kuondoka mpaka pamba ikomae. Naweza kuja, ukitaka nije. Usipotaka nitaelewa.

Mdogo wako,
Hilari

*

Mngeta, 2 Agosti 1908

Hilari.

Naandika mwenyewe. Ndiyo maana herufi ni kubwa na mistari inapanda kama mlima. Jicho la kushoto limerudi kiasi cha kuona karatasi nikiisogeza puani. La kulia halijarudi na halitarudi.

Umeeleza vizuri. Kila mmoja nimeuona. Huo wa kuning'inia hauna neno, mpe mpishi akitaka. Miezi yote hii nilikuwa naomba kitu hicho hicho, ukakitoa wakati sina budi kukisikia badala ya kukisoma. Nimelia, na kulia kwenyewe kunaniuma jicho, kwa hiyo na hilo nakulaumu.

Usichome. Moshi wake ni mbaya kama utomvu. Chimba shimo refu, mbali na kisima na mbali na njia ya mbuzi, uufukie Mwiba na ule wa madoa. Funga mikono. Kisu na jembe uvioshe kwa maji mengi, wewe mwenyewe uoge kabla hujagusa uso.

Pantaleo yu hai, mwezi wa sita sikukuambia kwa hasira, Fulgensi alimwona Mahenge kwa macho yake na akaniletea salamu. Verediana anakusalimu, mgongo wake umepona.

Ile mbeleko nimeizika, nisingeweza kumlaza mtoto ndani yake hata ingechemshwa mwaka mzima. Digna namfunga kwa kanga yangu kuukuu na wanawake wameanza tena kukusema kisimani. Tafuta nyingine. Usimpe Kudra wala mtu mwingine, ilete wewe. Chagua rangi kali. Na pale Kivukoni usiikunje, usiifiche popote, jitande mabegani uje nayo hivyo njia nzima, watu wakicheka waache wacheke, ili nikuone ungali mbali.

Dada yako,
Theodosia